Kuna Dereva Mmoja

Jumanne, 5 Machi

Mama Vigae bado anasitasita. Nimekwenda tena kiwandani kwake leo, nimerudi na viatu vyeupe kwa vumbi la udongo wake. Nilimweleza yote upya: reli inaingia ndani ya eneo letu la viwanda hadi mlangoni mwa ghala, behewa linasimama, vigae vinahamia ndani bila kuonja mvua wala mashimo ya barabarani. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema: lori likichelewa, nampigia dereva simu namtukana. Treni nitamtukana nani?

Nilicheka. Njiani nikaacha kucheka.

Mkurugenzi alikuwa ananisubiri mlangoni. Vipi? Bado, nikasema. Akavua miwani — na akivua miwani ujue kumeharibika. Watu wa reli wameshasema: tusipopata mteja mmoja mkubwa wa kujaza mabehewa kila wiki, treni haitasimama kwetu. Itapita tu, ikipiga honi. Tutabaki na maghala matupu na reli ya kuanikia nguo.

Meneja masoko ni mimi. Aibu itakuwa yangu.

Jumapili, 10 Machi

Chakula cha mchana kwa Mama. Kaka alikuwepo! Nadra sana, huyu ni mtu wa barabarani. Madereva wenzake wanamwita Taratibu, maana hajawahi kugonga hata kuku. Amekonda. Macho mekundu.

Tulibaki wawili jikoni, mimi naosha vyombo, yeye anafuta.

"Nikikwambia kitu, kitabaki hapa?"

"Kwani mimi gazeti?" nikamjibu.

Akaniambia. Tajiri — ndivyo wanavyomwita mwenye malori yao — amewabana tangu asikie habari za treni yetu. Anataka kuwaonyesha wateja kwamba lori ni mwendo kasi. Safari juu ya safari, hakuna kulala. Basi juzi juzi, mchana kweupe, kwenye mteremko wa kwenda darajani, vigae vya Mama Vigae mgongoni, Kaka akasinzia. Mara moja tu! Aliyeushika usukani ni Spana, utingo wake wa miaka mingi. Tairi la mbele lilishakanyaga changarawe za ukingoni. Walisimama, wakashuka, wakakaa kwenye nyasi, watu wazima wawili, wakalia. Halafu wakaapa: hata wake zao wasijue.

"Sasa mbona mimi umeniambia?"

"Nimeshindwa kukaa nalo peke yangu. Na wewe ni dada yangu."

Nilimshika mkono, wangu ukiwa na povu. Mama aliingia akatuuliza kama sahani zinaoshwa au zinazikwa.

Alhamisi, 14 Machi

NIMEMPATA! Mama Vigae anasaini wiki ijayo!

Nimeandika sentensi hiyo nikaweka kalamu chini. Nimekwenda dirishani, nimerudi. Sijui kama nifurahi.

Ilikuwa hivi. Alishanyanyuka. Alishaniambia asante kwa kuja, maneno ya kumfukuza mgeni mstaarabu. Nikamwona akilini Mkurugenzi akivua miwani. Na mdomo — huu mdomo! — ukafunguka wenyewe: "Kuna dereva mmoja..."

Sikutaja jina. Sikutaja jina! Naandika mara mbili ili niamini.

Lakini nilitaja daraja. Nilitaja vigae. Nilisema ni dereva anayesifiwa na wote kwa uangalifu. Na mara moja tu haikunitosha, nikatia chumvi: nikasema ndiyo tabia yake siku hizi, kwamba kila wiki analala, kwamba kazi ya utingo sasa ni kumfinya.

Mama Vigae akakaa tena. Akaweka kikombe chini polepole.

"Akiwa na mzigo wangu?"

"Akiwa na mzigo wako."

Ofisini wamenipigia makofi. Mkurugenzi kasema hiyo hadithi ya dereva ni dhahabu, nisiiache.

Jumatano, 20 Machi

Watu wa sabuni leo. Nikawaeleza habari za dereva. Wakaguna, wakatazamana. Nadhani watakuja.

Safari hii dereva alikuwa anakoroma. Kukoroma huko sijui nimekutoa wapi.

Jumamosi, 23 Machi

Wifi amepiga simu asubuhi, analia. Kaka amefukuzwa kazi.

Mama Vigae alipompigia Tajiri kuvunja mkataba, walirushiana maneno. Tajiri akamwambia utajuta, treni si chombo cha kutegemea. Naye akamrudishia: afadhali treni kuliko dereva wako anayelala na mzigo wangu darajani! Tajiri si mjinga. Anayepita daraja lile na vigae, na anayesifiwa kwa uangalifu, ni mmoja. Akamwita Kaka. Na Kaka hajui kusema uongo, hajawahi kujua tangu utotoni. Akakiri palepale. Kila wiki? akaulizwa. Mara moja tu, akasema. Nani ataamini mara moja? Funguo mezani, kwaheri.

Nikamwuliza wifi, nani kasema? Niliuliza kwa sauti ya mtu asiyejua kitu. Ilinitoka laini kabisa, sauti hiyo! Haikukwaruza hata kidogo.

Spana, wifi kasema. Nani mwingine? Ndani ya lori walikuwa wawili tu.

Jumapili, 24 Machi

Kwa Mama. Kaka amekaa kwenye kiti cha marehemu baba, hajanyoa ndevu. Mara moja tu katikati ya chakula akasema, kikulacho ki nguoni mwako. Mama akadakia: mtu mliyekula naye sahani moja! Mtu aliyelala humu ndani mvua ilipowakwamisha! Nilimtandikia kwa mikono yangu hii!

Nikaisukuma sahani kando. Mama akauliza, unaumwa? Nikasema kichwa. Kaka ndiye aliyenitetea. Mwacheni, ana kazi nyingi, na katika nyumba hii sasa ndiye pekee wa kututoa kimasomaso.

Nilijaribu kusema. Mara ya kwanza Mama akaingia na jagi la maji. Mara ya pili hakuingia mtu. Ni mimi tu.

Alhamisi, 28 Machi

Spana alikuja ofisini.

Sikuwahi kumwona nje ya lori au nje ya nyumba ya Mama. Mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, kofia mkononi, anaogopa kukanyaga kapeti. Nikamwambia kaa, akakaa ukingoni mwa kiti kama anayesubiri kufukuzwa. Kazi naye imemwishia. Na kwingine hapati, maana habari imeshatembea kwenye maegesho yote: huyu ana mdomo. Hakuna dereva anayetaka utingo mwenye mdomo.

Lakini hakuja kuomba kazi. Alikuja kwa ajili ya Kaka.

"Dada, wewe anakusikiliza. Nimekwenda kwake, hakunifungulia. Mwambie mimi sikusema. Naapa kwa wanangu."

"Nitamwambia," nikasema.

"Najua hata wewe huwezi kuniamini kirahisi..."

"Nakuamini," nikasema. Na hilo ndilo neno la kweli pekee nililosema mwezi huu mzima.

Alinishukuru! Kwa mikono miwili! Nilimsindikiza mpaka getini, nikamwuliza habari za watoto. Nikarudi, nikafunga mlango wa ofisi, nikakaa nikiutazama ule ukingo wa kiti.

Sijamwambia Kaka.

Jumatatu, 1 Aprili

Ugeni kutoka makao makuu ya reli. Wakubwa wenyewe. Nilikuwa nimeapa — tangu Alhamisi nimeapa — simtaji tena dereva. Nikaeleza maghala, nikaeleza wateja, nikaeleza reli ya pembeni inavyogawanyika kuingia kila ua. Wakawa wanapiga miayo ya chinichini. Mkurugenzi akaniinamia: mbona hujawapa ile ya dereva?

Ningeweza kusema nimeisahau. Ningeweza kukohoa.

Nikawapa. Walicheka sana pale utingo anapomfinya. Nami nikacheka nao, nikaigiza na kufinya kwenyewe, kwenye mkono wangu mwenyewe, mbele za watu.

Baadaye nilijifungia chooni, nikafungua bomba ili nisisikike. Kisha nikanawa uso, nikapaka tena rangi ya midomo, nikatoka kuwaaga wageni. Treni itasimama kwetu. Wamekubali.

Ijumaa, 5 Aprili

Kaka amepata kazi kwetu! Nimemwombea mimi. Ataendesha trekta dogo la yadi, lile la kuvuta matela ya mizigo kutoka kwenye behewa kwenda ghalani. Mkurugenzi hakuuliza mengi. Hajui dereva wa hadithi ni nani, kwake ni dereva tu. Kasema ndugu yako ni ndugu yetu.

Mimi ni mtu aliyeiba koti akarudisha kifungo.

Kaka alipoliona trekta alilizunguka, akalipiga teke tairi, akasema: "Sasa nimekuwa dereva wa kutoka barazani kwenda jikoni." Tukacheka wote. Halafu akanishika bega, akasema sitakusahau. Ningefurahi kama angenizaba kofi.

Mama amepiga simu. Ameniombea dua ndefu, jina langu limo kila mstari. Nilishikilia simu mbali na sikio.

Jumatano, 10 Aprili

Treni ya kwanza!

Siwezi kuacha kuandika ilivyokuwa, hata kwa hali yangu hii. Tuliisikia kabla ya kuiona. Mafundi wakatupa chini zana, wapishi wa kantini wakatoka na miko mikononi. Kichwa cha treni kikaingia taratibu kwenye reli yetu ya pembeni, mabehewa yakigongana kifua kwa mgongo, kikasimama. Mkurugenzi alilia. Nami nililia, na watu wakadhani ni kwa sababu hiyohiyo.

Mama Vigae alifungua makasha mwenyewe, akagonga kigae kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, akisikiliza. Vilivyovunjika vilijaa kiganja. Kwa lori, kasema, nilizoea kufagia.

Nje ya geti Tajiri amepanga malori yake, na bango kubwa: bei imeshuka, mlango hadi mlango. Madereva wakamwona Kaka kwenye trekta. "Taratibu! Umeolewa na treni!" Kaka aliwapungia mkono, akacheka. Alipogeuka kuvuta tela, uso haukuwa na kicheko tena. Nilikuwa karibu, niliuona.

Alhamisi, 18 Aprili

Treni imekwama njiani. Kichwa kimeharibika, cha kuazima hakuna. Vigae vya Mama Vigae vimekaa porini tangu Jumatatu na mafundi wake wa ujenzi wanakunja mikono. Kanipigia simu, na safari hii amepata wa kumtukana.

"Wewe mama! Dereva akisinzia, huamka. Treni yenu ikilala, imelala!"

Mkurugenzi akaamua: tukodi malori ya kwenda kuufuata mzigo. Malori ya nani? Yapo getini, bango juu. Tumelamba matapishi yetu. Niliyatangaza kuwa majeneza ya magurudumu, leo nimetoka mwenyewe kuyabembeleza yaingie.

Tajiri alikuja kwa miguu yake, shati la maua, anatabasamu. Akanipa mkono, hakuuachia.

"Kumbe ndiye wewe. Nasikia unajua kusimulia habari za madereva."

Kaka alikuwa pale, hatua chache tu, juu ya trekta lake linalonguruma. Alitutazama. Akaweka kiganja sikioni — hasikii. Ngurumo ya trekta ndiyo iliyoniokoa. Tajiri akamtazama yeye, akanitazama mimi, akatutazama tena wote wawili. Tumefanana mno, kila mtu husema hivyo. Tabasamu likamtoka polepole. Hata yeye! Hata yeye, aliyemfukuza, alinionea haya.

Jumapili, 21 Aprili

Kwa Mama. Baada ya chakula Kaka kanivuta uani, chini ya kamba za nguo. Amesikia Spana ameomba kazi ya kupakua mabehewa, na kwamba mimi nimo kwenye jopo la kuwasaili.

"Usimpe."

Nikasema kazi zenyewe ni nyingi, na waombaji...

"Sikuombi mara mbili, dada." Akakunja shuka la Mama lililokwisha kukauka, pembe kwa pembe, kama anavyokunja turubai. "Angekuwa mtu mwingine nisingeumia hivi. Lakini yeye ndiye aliyeniokoa, na yeye ndiye aliyeniuza. Nikiikumbuka siku ile sijui nimshukuru au nimlaani. Amenichafulia hata kupona kwangu."

Nikasema: nitaona.

Nitaona nini? Nini ambacho sijakiona bado? Ilikuwa pale, ulimini. Sio Spana. Maneno mawili! Nimeuza eneo zima la viwanda kwa maneno, hayo mawili yamenishinda. Nimebeba shuka nikaingia ndani.

Jumatano, 24 Aprili

Nimejaribu kumwandikia Kaka ujumbe kwenye simu. Nimeandika, nimefuta. Nimeandika tena kwamba nilibanwa na kazi, kwamba treni isingesimama, kwamba watu mia wamepata riziki. Yote kweli. Nikausoma, nikaona ni ileile lugha ninayowauzia wateja. Nimefuta.

Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wangu umeponza vichwa vya wenzangu, changu kipo palepale, kimesukwa vizuri.

Ijumaa, 26 Aprili

Naandika mchana, ofisini. Usaili umesimama kidogo. Wenzangu wa jopo, msimamizi wa yadi na afisa utumishi, wamekwenda kutafuta chai. Mimi nimesema sina kiu.

Spana aliingia wa mwisho kabla ya mapumziko. Shati limepigwa pasi mpaka linakata. Alijibu vizuri. Anajua kufunga mzigo, anajua kipi kinakaa chini na kipi juu. Msimamizi wa yadi alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha afisa utumishi akauliza swali lake la kawaida, anamwuliza kila mtu: kwa nini uliacha kazi ya mwanzo?

Spana akasema: "Kuna neno lilitoka. Dereva wangu akadhani limetoka kwangu. Halikutoka kwangu."

"Lilitoka kwa nani?" msimamizi akauliza, kwa udadisi tu.

"Nimeshamjua. Walinzi wa kiwanda cha vigae waliniambia." Hakunitazama. Alitazama meza, mahali ilipo mikono yangu. "Lakini si kazi yangu kumtaja. Yule ndugu yangu amebakiwa na watu wachache. Sitaki kumpunguzia mwingine."

Wenzangu hawakuelewa, wakadhani ni mambo ya malori. Mimi niliinamia karatasi. Amejua! Amejua, na amekuja kukaa mbele yangu na shati la pasi, na bado ananifichia mbele ya watu.

Alipotoka, msimamizi akasema huyu simwachi. Afisa utumishi akakubali, ila akataka mtu wa kumdhamini kwa neno. Si alikuwa na dereva, akasema. Yule wa trekta si ndiye aliyekuwa naye? Basi rahisi, aitwe aseme mtu huyu ni wa namna gani. Wakanitazama: au una neno, meneja?

Nikasema sina.

Wakatuma mtu yadini. Wao wakaenda chai.

Basi ndipo nilipo. Spana yuko kwenye benchi, ukumbini, upande wa pili wa mlango huu. Nasikia akikohoa. Dirishani namwona Kaka ameshazima trekta. Anakuja, anaruka reli moja, anaruka ya pili, anajifuta mikono kwenye suruali. Hajui ameitiwa nini.

Ameingia ukumbini.

Benchi limelia, Spana amesimama.

Sasa Kaka anapaza sauti. Umefuata nini hapa? Hata hapa umenifuata? Siyasikii majibu ya Spana, anasema chini sana. Kaka tena: basi aliyesema nani, kama si wewe? Mtaje! Mbona unanyamaza? Unanyamaza kwa sababu huna!

Spana hasemi kitu. Nasikia kabisa jinsi asivyosema.

Kaka anasema: twende kwa dada yangu. Yumo humu. Dada yangu hatakuficha wala hatanificha mimi, huyu ni mtu wa kweli. Twende mbele yake sasa hivi, tumalize.

Spana anasema, hapana, Taratibu, mwache dada. Anarudia: mwache.

Hodi.

Sijaitika. Kaka anabisha tena, anaita jina langu la utotoni —